printk, trace_printk au kgdb? Draiva ya mizani inanichanganya

mvuvi_wa_bagi (Ngamiani, Tanga)
Habari za jioni wakuu. Dogo ninayefanya naye kazi kaniletea mabadiliko ya draiva (programu inayoendesha kifaa) niyapitie kabla hayajaingia tawi kuu la mradi. Draiva inasoma mizani ya samaki pale soko la Deep Sea, kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, intarapti (ishara ya kifaa inayokatiza CPU) moja kila milisekunde 5. Ugonjwa: mara mojamoja kapu la vibua la kilo 12 linasomeka kilo 140, na hapo muuzaji na mnunuzi nusura washikane mashati. Dogo kachomeka printk (amri ya kerneli ya kuandika ujumbe) 14 kumsaka mdudu, yaani hitilafu. Ajabu ni kwamba printk zikiwemo, mizani inasoma sawa siku nzima. Zikitolewa, ugonjwa huo! Tanga yetu, waja leo waondoka leo. Nimshauri atumie nini?

Bi_Chumbageni
Mwanangu, printk ndiyo inayomficha huyo mdudu. Konsoli yako, pale ujumbe unapotokea, ni siriali ya biti 115200 kwa sekunde, siyo? Hiyo hupitisha herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari wa herufi 90 unakula karibu milisekunde 8, wakati intarapti zako zinakuja kila 5. Umebadilisha mwendo wa mfumo mzima halafu unauliza mbona umepona.
Weka trace_printk. Inaandika kwenye bafa (sehemu ya muda) ya kumbukumbu bila kugusa konsoli, unakuja kuisoma baadaye kwenye /sys/kernel/tracing/trace, na saa ya kila tukio ipo.

raskazone64
Kgdb wakuu, kile chombo cha kusakia hitilafu! Ipo ndani ya kerneli tangu 2.6.26 ya mwaka 2008. Unasimamisha kila kitu, unachungulia vigeu kimoja kimoja.

Bi_Chumbageni
Kaka, kusimamisha kila kitu ndiko kubaya hapa. Nashuku hawa ni wawili, intarapti na uzi (kazi inayokwenda sambamba) unaosoma, wanaogombea bafa moja. Ukiwagandisha wote, ugomvi unauona wapi? Kgdb itakufaa kerneli ikianguka palepale kila mara.

makorora_dev
Mimi natetea printk kidogo. Ukiishusha hadi KERN_DEBUG (ngazi ya chini kabisa ya ujumbe), kwa kawaida haifiki konsoli, inabaki kwenye dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli. Bora zaidi pr_debug, printk yenye swichi, maana unaiwasha ukitaka tu:

echo 'file mizani.c +p' > /proc/dynamic_debug/control

Hizo zinaweza kubaki kwenye msimbo. trace_printk ni ya kumsaka mdudu tu, kwenye tawi kuu usiipokee kabisa. Kerneli ikiikuta inatoa bango kubwa la onyo kwamba hii ni ya kutafutia hitilafu, isipelekwe kazini.

raskazone64
Haya, nimenyoosha mikono. Ila kgdb tamu jamani.

mvuvi_wa_bagi
Nimerudi. Umeme ulikatika, ndiyo maana kimya. Tumeweka trace_printk mbili tu, moja kwenye intarapti, moja kwenye uzi unaosoma. Dakika ya 20 tukamnasa: uzi umeshachukua baiti mbili za uzito, intarapti ya CPU nyingine ikaandika kipimo kipya, uzi ukamalizia na baiti ya tatu. Nusu ya zamani, nusu mpya. Kufuli la kumzuia mmoja asiguse bafa mwenzake akiwa nayo hakuna hata moja! Dogo anaweka kufuli: spin_lock_irqsave kwenye uzi na spin_lock kwenye intarapti, trace_printk zinatoka, pr_debug mbili zinabaki.

Bi_Chumbageni
Vizuri. Hizo pr_debug ziwe nje ya kufuli. Na ile printk ya 14 mliyoisahau kwenye njia ya kosa, itoeni.