Acheni kutudanganya kwamba mimweko ya kwenye magemu ni "uhalisia"

Wakuu, kila mtu akilalamikia mwanga unaopepesa kwenye magemu lazima atokee mdau wa kujibu "bunduki halisi ndivyo zinavyowaka, hutaki kacheze drafti". Watengenezaji nao wamejibanza kwenye kichaka hichohicho: uhalisia. Leo tukifyeke.

Tuanze na hiyo bunduki. AK-47 inatema risasi kama 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. MG42 ya Wajerumani inafika 1200, yaani 20 kwa sekunde. Mwenye kifafa cha mwanga anaweza kuchokozwa na mimweko kuanzia 3 hadi 60 kwa sekunde, na pabaya zaidi ni kama 15 hadi 25. Kwa hiyo ukifunga mmweko mweupe kwenye kila risasi, umemwekea mtu sebuleni taa ileile ambayo hospitali humuwashia mgonjwa machoni wakati wa kipimo cha EEG, kile cha kupima umeme wa ubongo, kusudi waone kama ubongo utachokozeka. Ila hospitali kuna mtaalamu pembeni, mkono uko kwenye swichi.

Haya, uhalisia uko wapi? Mwishoni mwa mtutu wa M16 kuna kichuma chenye matundu. Kazi yake ni kutawanya gesi inayowaka ili mpigaji asipofushwe gizani na moto wa silaha yake mwenyewe. Mchana wa jua kali huo moto ni wa kuutafuta. Kwenye gemu sasa: saa sita mchana, jangwani, kila risasi inachanua ua jeupe la ukubwa wa beseni, ukuta unawaka, dari inawaka, mpaka kucha za mhusika zinawaka. Aliyetengeneza hivyo ameiga sinema, hajaiga bunduki.

Disko ni vilevile. Uingereza mamlaka ya afya na usalama kazini inashauri taa za kupepesa kumbini zisizidi mimweko 4 kwa sekunde. Ukumbi wa ndani ya gemu unapepesa inavyotaka. Yaani ukumbi wa kweli una breki, wa kuigiza hauna, halafu wa kuigiza ndio unaitwa halisi!

Radi nakubali. Radi ya kweli hupiga mara tatu nne kwenye njia moja ndani ya sehemu ya sekunde, na ule mtetemo wa mwanga unaouona ni kweli kabisa. Lakini hakuna mchezaji atakayelia ukimpa mmweko mmoja unaofifia taratibu na ngurumo yake ikaachwa kama ilivyo. Ngurumo ndiyo inayomtisha mtu.

Kuhusu ule utetezi wao mwingine, "tumeweka onyo". Tarehe 16 Desemba 1997 Japani ilirusha kipindi cha Pokémon chenye nyekundu na bluu zikibadilishana kama mara 12 kwa sekunde, kwa sekunde chache tu. Watu 685, wengi wao watoto, walikimbizwa hospitali, na wengi kati yao hawakuwahi kuanguka kabla ya jioni ile. Sasa onyo linalosema "kama una kifafa muone daktari" linamsaidia nini mtu ambaye hajui kama anacho? Kifafa cha mwanga hujitokeza zaidi utotoni na ujanani, umri uleule wa kukesha na pedi mkononi. Na maandishi yenyewe ni ya Kiingereza, herufi za sisimizi, yanapita kabla hujakaa vizuri.

Mfano wa wazi ni gemu ya Cyberpunk 2077. Desemba 2020, siku chache kabla haijatoka, mwandishi wa jarida la Game Informer alitangaza kwamba alipatwa na kifafa akiifanyia mapitio. Ndani ya gemu kulikuwa na kifaa ambacho mhusika anavaa kichwani, chenye taa nyekundu na nyeupe zinazopepesa usoni, kinachofanana kabisa na vile vya vipimo vya hospitali. Onyo lilikuwa limefukiwa kwenye mkataba wa mtumiaji, ule ambao kila mtu anabonyeza "nakubali" bila kusoma. Gemu ikatoka tarehe 10, na mara tu baada ya hapo likaja toleo 1.04 lililolainisha mimweko, likapunguza kasi na ukali wake. Nani alilalamika kwamba uhalisia umeharibika? Watu walilalamikia hitilafu mia moja, hiyo haikuwemo. Kama ni kazi ya siku chache, ilishindikana nini miaka yote ya kutengeneza?

Wanaotengeneza magemu humu ndani, soma hapa taratibu. Mipaka ipo tangu zamani, imetoka kwenye televisheni. Mmweko mmoja ni mwanga kupanda na kushuka, au kushuka na kupanda. Isizidi mitatu ndani ya sekunde yoyote. Mmweko unahesabika pale mabadiliko yanapofika asilimia 10 ya mwangaza wa juu kabisa, na ule upande wa giza ukiwa chini ya asilimia 80. Eneo la hatari ni robo ya skrini au zaidi. Nyekundu iliyokolea ina kesi yake: inahesabika hata mwangaza ukiwa haujabadilika sana. Gemu ya fremu 60 (yaani picha 60) kwa sekunde maana yake mzunguko mmoja wa kuwaka na kuzima usikamilike chini ya fremu 20. Bunduki ya risasi 10 kwa sekunde inatoa mmweko kila baada ya fremu 6. Hesabu mwenyewe.

Mahali wengi wanapokosea: wanapunguza picha ya moto mtutuni, wanaona wamemaliza. Picha ile ni ndogo, mara nyingi haifiki hata sehemu ya kumi ya skrini. Mkosaji ni taa iliyofungwa kwenye huo moto, inayorusha mwanga kwenye kuta zote za chumba. Ukiongeza na ule ukungu wa mng'ao unaotapakaa pembeni, robo ya skrini imepita zamani. Na kama kamera inajirekebisha mwanga yenyewe, inafumba kila risasi inapowaka na kufumbua inapozima, kwa hiyo hata kona ambayo haikuwa na mwanga inaanza kupepesa.

Dawa yake si ngumu. Risasi ya kwanza iache iwake. Kuanzia ya pili, taa ya chumba isizime kati ya risasi na risasi: ipande, itulie kama mwanga wa jiko la mkaa, ishuke kidole kikiachia. Sauti, mtetemo wa pedi, maganda yanayoruka na kasi ya risasi usiviguse. Fungia kujirekebisha kwa kamera wakati wa kufyatua. Ule wekundu wa pembeni mhusika akikaribia kufa uache utulie, usiufungie mapigo ya moyo yanayoongeza mbio. Angalia pia mistari: nondo za madirisha, ngazi za umeme, mapazia ya vibao. Jozi zaidi ya tano za mistari ya giza na mwanga, zikijaza sehemu kubwa ya skrini, zinaweza kumwangusha mtu bila taa yoyote kupepesa.

Na habari ya gharama imekwisha. PEAT, programu ya kukagua mimweko kwenye video, ni ya bure ila masharti yake yanakataza magemu ya biashara, hapo nilikuwa nawaelewa. Lakini mwishoni mwa 2023 kampuni ya magemu ya EA iliiachia programu yake ya kazi hiyohiyo, IRIS, bure na msimbo wake wazi. Unarekodi gemu, unaipa video, inakuonyesha fremu zilizovunja mipaka. Pitisheni hapo nembo za ufunguzi pia, maana kuna magemu yanakurushia mimweko usoni kabla hujafika kwenye menyu yenye swichi ya kuzima mimweko. Swichi yenyewe ije ikiwa imewashwa, anayetaka fataki akaizime mwenyewe.

Mchangiaji: Mkuu umeeleza vizuri ila unazidisha. Wenye hiyo hali ni kama mtu 1 kati ya 4,000. Gemu nzima ipoozwe kwa ajili ya mmoja?

Mleta uzi: Ndugu, gemu ikiuza nakala milioni 4, huyo "mmoja" ni watu 1,000. Na kipi kimepoozwa? Risasi ni zilezile.

Mchangiaji mwingine: Tuliofungua vibanda vya PS tufanye nini wakati tunawasubiri hao wazungu?

Mleta uzi: Swali zuri kaka. Usizime taa ya chumba, giza linaongeza tofauti ya mwanga. Televisheni ya inchi 50 usimweke mtoto mita moja, msogeze nyuma mita 2 na nusu, suala la benchi kubana liwe lako. Punguza mwangaza wa skrini, televisheni nyingi hutoka dukani zimepandishwa mno. Aliyekesha asianze mechi nyingine. Mtu akisema macho yanamchezea, afunike jicho moja na kiganja na ageuke pembeni. Kufumba yote mawili hakutoshi, mwanga unapita kwenye kope. Akianguka, toa viti na nyaya karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, usimkabe, usimtie kijiko mdomoni. Angalia saa. Mitikisiko ikiacha, mlaze ubavu. Dakika 5 zikipita bado anatikisika, tafuta usafiri wa hospitali papo hapo.