Mjadala: Shule ya umma yenye mfadhili kanisa, ibada iwe ya lazima kwa wote?

Mwalimu wa Barani: Wana Malindi, swali. Shule ni ya umma, mfadhili ni kanisa. Walimu wanalipwa na TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu), na serikali imeweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Mwanafunzi Mwislamu alazimishwe kuhudhuria misa? Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi, 2013, kinampa mfadhili malezi ya kiroho na kuweka kasisi kwa gharama yake, lakini alinde imani za wengine. Watu husoma nusu ya kwanza wakafunga kitabu.

Mkatoliki wa Kisumu Ndogo: Mwalimu, kwenye bodi ya shule mfadhili ana wajumbe 3, wazazi na jamii 6. Huko ndiko kulazimisha? Mzazi analijua jina la shule tangu anajaza fomu. Na tuseme kweli: bila wamishonari Pwani hii isingejua kusoma.

Mwana wa Langoni: Hilo la mwisho lifute, bwana. Mmishonari Krapf alifika Mombasa 1844 akakuta watu wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tenzi za kisiwa cha Pate zilikuwa zimeandikwa zaidi ya miaka mia kabla yake.

Mkatoliki wa Kisumu Ndogo: Nimesema shule, ndugu yangu. Chuo chenu ni cha Kurani tu. Hesabu mlisomea wapi?

Mwana wa Langoni: Kwenye mirathi! Mtu amefariki, ameacha mke, mama na watoto. Mke thumuni (moja ya nane), mama sudusi (moja ya sita). Unaigawa mali mafungu 24: mke 3, mama 4, yanabaki 17 ya watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Ukikosea kigawanyo umedhulumu mayatima. Hiyo si hesabu?

Binti wa Rabai: Kaka, hesabu nzuri, lakini chuo hicho kilimpokea nani? Waliotoroka utumwa walikimbilia misheni Rabai. Freretown, makazi ya misheni Mombasa, ilianzishwa 1875 kwa ajili ya walioachwa huru, na shule ikawa humo. Wazee wetu hawakuitwa kwenye chuo cha Langoni.

Ustadh wa Maweni: Dada, turudi kwa watoto wa leo. Mahakama ya Juu ilishapiga marufuku hijabu shule za kanisa, 2019, kesi ya Isiolo. Tumeshafungiwa mlango.

Mwalimu wa Barani: Ustadh, sivyo. Mahakama ya Rufaa ilikubali hijabu 2016. Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ombi la mzazi liliingizwa kwa njia isiyo sahihi ndani ya kesi ya kanisa. Haikuamua kwamba hijabu ni haramu shuleni. Iliiachia bodi ishauriane na wahusika. Na kuhusu ibada, Katiba ibara ya 32(4) inasema mtu asishurutishwe kutenda jambo linalopingana na imani yake.

Kinachoharibu zaidi ni ratiba. CRE (elimu ya dini ya Kikristo) na IRE (ya Kiislamu) ziwekwe kipindi kimoja, kila somo na mwalimu wake na chumba chake. Mwalimu wa IRE asipokuwepo, Mwislamu anakaa CRE au anapelekwa maktaba, kisha wakati wa kuchagua masomo anachagua CRE kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa. Wazazi waandike majina mara watoto wanapojiunga, barua kwa mkuu wa shule na nakala kwa bodi, waombe mwalimu TSC. Akichelewa, bodi iajiri wa muda. Ikishindikana, Bodi ya Elimu ya Kaunti.

Mkatoliki wa Kisumu Ndogo: Wa muda analipwa na nani? Mfadhili tena?

Mwalimu wa Barani: Na bodi. Kasisi ndiye wa mfadhili.

Mwana wa Langoni: Binti wa Rabai, hujanijibu. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo cha Biblia, aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa. Huyo naye alimfungia nani mlango?

Binti wa Rabai: Alimfungulia Mzungu, kaka. Mimi nauliza kuhusu Mrabai.