MMed au COSECSA: ipi inamfaa anayetaka ubingwa wa upasuaji?

Tabibu_Rukwa: Wakuu, habari za leo. Nimemaliza MD, shahada ya kwanza ya udaktari, na mwaka wa utarajali, leseni ninayo, niko hospitali ya wilaya. Nataka upasuaji, si kingine. Niombe MMed, yaani shahada ya uzamili ya udaktari, chuo cha MUHAS Dar es Salaam au KCMC Moshi, au niende COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini? Nina mke na watoto, kwa hiyo mshahara usipoingia ni shida.

DadaThieta: Hongera mdogo wangu. Mimi nimepita MMed. Miaka 3 au 4 kutegemea chuo, na juu yake tasnifu: pendekezo, kibali cha maadili, kukusanya data huku zamu zinakusubiri. Faida yake ni walimu. Leo uko na bingwa wa mkojo, kesho wa watoto, wote hospitali moja. Ukitaka kufundisha chuo kikuu baadaye, shahada hiyo ina uzito. Ila usiende bila mfadhili, na ruhusa ya mwajiri iwe kwa maandishi.

Uzi_na_Sindano: Mimi niko COSECSA. Chuo hiki kilianzishwa 1999, makao yake Arusha, lakini hakina kampasi. Unajifunzia hospitali iliyoidhinishwa, chini ya mkufunzi: miaka 2 ya MCS, yaani uanachama wa chuo, kisha 3 ya FCS, ubingwa wenyewe. Ni mirefu, sikatai. Lakini uko kazini, na mkono unakomaa mapema. Kila upasuaji unaandikwa kwenye logibuku, pamoja na kama ulisaidia tu au ulishika kisu mwenyewe. Nilianza kwa kushika vivutio vya kufungua jeraha kwenye upasuaji wa ngiri. Siku hizi mkufunzi ananawa, anasimama upande wa pili wa meza, ananikatia uzi, basi.

Dkt_wa_Ziwani: Umebahatika na mkufunzi. Mimi wangu alihamishwa katikati ya mwaka na hospitali haikuwa na mwingine. Ilibidi nihame mkoa na familia. Tabibu, kabla ya yote uliza wako wakufunzi wangapi.

Otieno_Eldoret: Huku Kenya hoja ya urefu haisaidii sana, maana MMed ya upasuaji Chuo Kikuu cha Nairobi yenyewe ni miaka 5. Wengi wanajisajili kotekote: wanasoma MMed na kufanya mitihani ya COSECSA humo humo.

DadaThieta: Kweli, hata kwetu wapo. Ni mzigo, na ada za mitihani ni juu yako, lakini mwenye nguvu afanye.

Tabibu_Rukwa: Je, nitajuaje hospitali inayompa mwanafunzi kisu kweli?

Uzi_na_Sindano: Usimuulize mkurugenzi. Mtafute aliye mwaka wa pili, mwombe akuonyeshe logibuku yake. Tazama kidole tumbo, utumbo ulioziba, upasuaji wa tumbo wa dharura usiku. Kama kila mstari ni "nilisaidia", tafuta kwingine.

Tabibu_Rukwa: Asanteni sana. Jumatatu naenda kwa mganga mkuu wa wilaya kuulizia ruhusa, kisha nitapanga safari ya Moshi na Mwanza nikaone logibuku hizo.