Mkimya anafaa uhasibu?

Swali: Wakuu, mwanafunzi wa kidato cha nne amefanya kipimo cha haiba cha herufi nne mtandaoni (kila herufi ni upande mmoja wa tabia, mfano mkimya au mchangamfu), kikamtoa mkimya. Anataka ECA (uchumi, biashara na uhasibu), baadaye kazi ya uhasibu. Matokeo hayo yanatosha kuchagulia tahasusi?

Jibu 1: Hayatoshi, mkuu. Kipimo kile hukata watu katikati: mwenye 51 kwa 49 huandikwa mkimya sawasawa na mwenye 95. Akirudia mwezi ujao herufi inaweza kugeuka, kwa hiyo atazame asilimia. Kwa kazi, bora mfumo wa mwanasaikolojia John Holland wa 1959, unaogawa watu na kazi katika aina 6: vitendo, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, ushawishi na utaratibu. Ajipime, achukue aina tatu alizopata alama za juu. Uhasibu unaegemea utaratibu.

Jibu 2: Naongezea: uhasibu si kazi moja. Anayelinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki hushinda na tarakimu. Mkaguzi wa nje huenda kwa mteja, akadai stakabadhi, akamhoji mtunza stoo mbele ya mzigo uliopungua. Aombe kukaa ofisini siku tatu, moja iwe ya mwisho wa mwezi hesabu zinapofungwa. Hapo ndipo presha huonekana.

Muuliza: Shukrani wakuu. Aanze na Holland, kisha ofisini.