Wastani ni mzuri, lakini msumeno utasimama kwa wakati?

Fundi wa Mwanakwerekwe:
Assalaam aleykum. Katika karakana yetu ya milango ya kuchonga tunatengeneza kinga ya msumeno wa mezani: kihisi kikiona mkono umekaribia meno, kompyuta ndogo ya Linux itoe amri ya breki kabla ya milisekunde 2 kupita. Nimepima usiku kucha kwa cyclictest, programu ya kupima ucheleweshaji, na wastani wa kuchelewa ni mikrosekunde 38. Mwenzangu anasema kazi imekwisha. Hata hivyo, mara moja tu, karibu na alfajiri, zilitokea mikrosekunde 2,640, yaani milisekunde 2.64. Je, niipuuze tarakimu hiyo, au ndiyo jibu lenyewe?

Maalim wa Chake:
Waaleykum salaam. Ndiyo jibu lenyewe, ndugu yangu. Vipimo kama Dhrystone ya mwaka 1984 huonesha mashine inafanya kazi nyingi kiasi gani kwa sekunde, wala haviulizi iwapo kila kazi imewahi muda wake. Ndiyo maana mwaka 1989 wataalamu wa Carnegie Mellon walitoa Hartstone, ambayo katika mfululizo wake wa mwanzo huendesha pamoja kazi 5 zinazojirudia mara 2, 4, 8, 16 na 32 kwa sekunde, kisha huongeza mzigo kidogo kidogo mpaka mojawapo ichelewe. Kinachoandikwa ni mzigo ulioushinda mfumo. Wewe inaelekea uliipima mashine ikiwa imelala. Rudia huku diski na mtandao vikishughulishwa, programu yako ikiwa na kipaumbele cha SCHED_FIFO, yaani cha kutangulia kazi za kawaida, na kumbukumbu yake imefungwa ndani ya RAM isihamishiwe diski. Angalia pia kama PREEMPT_RT, sehemu ya Linux inayoruhusu kazi ya haraka ikatize nyingine, imewashwa: imo ndani ya Linux ya kawaida tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024, lakini haijiwashi yenyewe.

Jirani wa Fumba:
Nakubaliana na Maalim, isipokuwa kwamba hata akipima mwezi mzima, atakachopata ni ucheleweshaji mkubwa kuliko yote aliyouona, ambao si lazima uwe mkubwa kuliko yote unaoweza kutokea. Tena alipima usiku. Chini ya mabati, mchana wa kaskazi, prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe, na hapo hesabu zote hubadilika. Jambo jingine ni kwamba cyclictest hupima programu inavyochelewa kuamshwa na saa ya kompyuta tu. Safari ya kutoka kwenye kihisi hadi kwenye breki haimo. Breki inawashwa na nini? Kama ni rilei ya kawaida, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, yenyewe tu huchukua milisekunde kadhaa kufunga, na hapo zile mikrosekunde 38 hazina maana yoyote. Mimi ningeikabidhi breki kwa maikrokontrola, yaani kompyuta ya chipu moja, isiyo na kazi nyingine, Linux ikabaki na skrini na kumbukumbu za matumizi.

Fundi wa Mwanakwerekwe:
Ni rilei, na sikuihesabu kabisa. Nitaazima osiloskopu, chombo kinachoonesha mawimbi ya umeme, nipime saa nane mchana, mashine ya randa ikiwa imewashwa, kuanzia waya wa kihisi hadi koili ya breki. Hadi hapo msumeno nimeuchomoa.