Je, kampuni inayotafuta faida inaweza kuaminiwa na kinu cha nyuklia?

Mkaazi wa Mikindani
Assalam aleikum ndugu zangu. Tangu uanze kutajwa mpango wa kujenga kinu cha nyuklia Uyombo, kule Kilifi, mazungumzo mengi hapa Mombasa yamekuwa juu ya ardhi na uvuvi, nayo yana haki yake. Swali langu ni jingine. Ikiwa siku moja kinu kama hicho kitaendeshwa na kampuni binafsi, yenye wanahisa wanaongojea gawio lao, je, tutaiamini kwamba itakizima pale usalama utakapodai kizimwe, ilhali kila siku ya kukizima ni hasara kwake? Nauliza nikiwa jirani wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya madini ya risasi mwilini, hata mwaka 2020 mahakama ya hapa Mombasa ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Fundi wa Boila, Changamwe
Waaleikum salaam ndugu yangu. Nimefanya kazi ya boila miaka 22, na nitakueleza hasara hiyo inavyoingia kazini. Asubuhi moja valvu ya usalama ilikuwa ikivuja mvuke. Msimamizi aliniwekea kadi ya ukaguzi mezani, akaweka kalamu juu yake, akaniomba nitie sahihi kwanza, valvu tungeibadilisha oda ikishamalizika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepigiwa simu mara tatu tangu alfajiri. Nilikataa, boila ikazimwa siku mbili, na mwezi uliofuata sikupangiwa hata saa moja ya ziada.

Sasa tazama kinu cha Davis-Besse, jimbo la Ohio nchini Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2001 wadhibiti walitaka kizimwe kabla ya Desemba kwisha ili kikaguliwe, kampuni ikaomba muda, na wakakubaliana Februari. Kilipokaguliwa, ilionekana asidi iliyokuwa ikivuja imekula kifuniko cha kinu, chuma chenye unene wa zaidi ya sentimita 15, pakabaki utando wa chuma cha pua wa takriban sentimita 1 tu kuzuia ule mgandamizo wote. Mkaguzi mkuu wa mamlaka ya wadhibiti haohao aliandika baadaye kwamba muda ule ulitolewa kwa kiasi kikubwa ili kuipunguzia kampuni gharama. Nikisoma habari ile naiona kalamu yangu juu ya kadi.

Mwalimu wa Fizikia, Tudor
Kaka Fundi, nakubaliana nawe juu ya kalamu, lakini tusidhani kwamba serikali ikimiliki kinu basi kalamu hiyo huondoka mezani. Kinu cha Chernobyl kilicholipuka Aprili 1986 kilikuwa mali ya dola ya Kisovieti, hakikuwa na mwanahisa hata mmoja, na kasoro ya vyuma vyake vya kudhibiti ilikwisha kuonekana mwaka 1983 bila waendeshaji kuelezwa ipasavyo.

Japani ndiyo inayofundisha zaidi, kwa maana Fukushima Daiichi na Onagawa vyote ni vya kampuni binafsi, na vyote vilipigwa na tsunami ileile ya Machi 2011. Kwa Fukushima, kampuni ya umeme ya TEPCO iliuchonga mwamba wa mita 35 ukashuka hadi mita 10, na mwaka 2008 hesabu za wataalamu wake wenyewe zilipoonyesha kuwa wimbi lingeweza kupita mita 15, hakuna ukuta ulioinuliwa. Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, lakini mhandisi Yanosuke Hirai alikuwa ameshikilia tangu mwanzo kwamba kijengwe karibu mita 15 juu ya bahari, ijapokuwa gharama ilipanda, nacho kilizimika salama, hata wanakijiji waliopoteza nyumba wakapata hifadhi ndani ya uzio wake.

Mama wa Kisauni
Mwalimu, je, kila kampuni itampata Hirai wake? Mimi siwezi kuwalaza wanangu kwa tumaini hilo. Na katika hukumu ya Owino Uhuru, kampuni haikubebeshwa lawama peke yake, kwani taasisi za serikali zilizopaswa kuisimamia nazo zilionekana na makosa. Tangu mwaka 2019 tuna sheria ya udhibiti wa nyuklia na mamlaka yake, lakini sheria za mazingira tulikuwa nazo hata wakati moshi wa kiwanda kile ukiingia majumbani.

Mkaazi wa Mikindani
Ahsanteni sana. Basi tukiitwa kwenye kikao cha wananchi, nitasimama niulize iwapo mkaguzi atakayekuwa pale kinuni ataweza kuamuru kizimwe saa hiyohiyo, bila kwanza kupiga simu Nairobi wala kumwomba mwenye kampuni ruhusa.

Fundi wa Boila, Changamwe
Uliza pia mshahara wake utatoka mfuko wa nani, na akishakizima, nani atakuwa na uwezo wa kumhamisha.