Harusi yangu ni Saba Saba ya mwakani, upande wa mwanaume wanaigomea tarehe. Nifanyeje?

MwaliWaMtoni
Wakuu habarini za jioni. Naombeni ushauri wa maana, matusi wekeni pembeni.

Mimi ni binti wa miaka 31, nipo Dar. Mchumba wangu ni Mkenya, tulikutana kazini. Mahari imeshapokelewa na wazazi wangu wameridhia. Shida ni tarehe. Nataka harusi iwe 7/7/2027. Ni Jumatano ila ni sikukuu, hakuna atakayehangaika kuomba ruhusa kazini, na katikati ya wiki bei ya ukumbi inashuka. Halafu tarehe yenyewe tamu, saba mbili, hata mwanaume hawezi kuisahau.

Sasa upande wa mwanaume hawataki na hawasemi kwa nini. Mama mkwe nikimpigia ananijibu "tutaongea, mwanangu". Mchumba naye amekuwa mpole ghafla. Nahisi hawanitaki. Mnanishaurije?

KijikoChaShaba
Nimeweka mkeka hapa, chapati zije.

MzeeWaKalenda
Bibi harusi, hiyo siku ina wenyewe wengi. Kwetu ni TANU, iliyozaliwa 7 Julai 1954 Mwalimu akiwa rais wake wa kwanza, ingawa vijana wa leo wanajua maonyesho ya biashara tu. UNESCO nao mwaka 2021 wakaipitisha kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Visiwa vya Solomon vilipata uhuru siku hiyohiyo mwaka 1978. Na kule Pamplona, Hispania, ndiyo asubuhi ya kwanza ya watu kukimbizwa na mafahali barabarani, saa mbili kamili. Wageni wako wakikwama foleni ya Kilwa Road, wajue kuna wenzao wana hali mbaya zaidi.

DerevaWaMbagala
Ukumbi uko wapi? Usiniambie ni upande wa Mtoni.

MwaliWaMtoni
Ni Mtoni.

DerevaWaMbagala
Kwisha habari. Kilele cha Sabasaba halafu msafara wa bibi harusi upite mbele ya viwanja na matarumbeta? Mtaingia ukumbini watu wanakunja viti.

ShangaziKidoti
Mwanangu, mimi nilifunga ndoa Februari 5, 1984. Siku ya kuzaliwa CCM. Mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuwa pia mwenyekiti wa tawi, funguo za stoo ya vinywaji anazo mfukoni, na yeye yuko kwenye maandamano ya chama. Wageni walikunywa maji hadi saa kumi na mbili jioni. Marehemu mume wangu alilisimulia hilo kila mwaka, na kila mwaka saa zilikuwa zinaongezeka. Hata sijui nilitaka kukushauri nini. Ila funguo usimwachie mtu mmoja.

MkaziWaDandora
Dada, mchumba ni wa wapi Kenya? Na wazee wake wana umri gani? Nauliza kwa sababu huku kwetu Saba Saba si maonyesho. Mwaka 1990 kina Matiba na Rubia waliitisha mkutano Kamukunji kudai vyama vingi. Serikali ikaupiga marufuku, wao wakatiwa ndani siku chache kabla. Tarehe 7, Jumamosi, watu wakaenda hivyohivyo. Risasi zikalia, vurugu zikaenea miji mingine siku kadhaa. Vyama vingi vilirudishwa Desemba 1991, lakini kuna waliozikwa. Na 2025 tarehe hiyohiyo barabara za kuingia mjini zilifungwa na polisi, na watu wakafa tena.

Na jambo lingine: huku si sikukuu. Jumatano watu wa upande wake wako kazini.

MwaliWaMtoni
Asante kaka. Ni wa Nairobi, ila familia yao haina habari na siasa kabisa.

MkaziWaDandora
Sikuuliza siasa, dada. Nimeuliza wazee. Baba mkwe anasemaje?

MwaliWaMtoni
Baba mkwe hayupo.

MkaziWaDandora
Hayupo nyumbani ama hayupo duniani?

NyotaYaBwana77
Kuabudu namba ni ushirikina, binti. Siku zote ni za Mungu. Funga siku tatu, uombe, atakuonyesha tarehe. Mimi mwenyewe nilisali kabla ya kununua kiwanja.

KijikoChaShaba
@NyotaYaBwana77 hilo jina lako lina saba ngapi?

MwaliWaMtoni
Haya, kwa kuwa mmenibana. Baba yake alifariki 1990. Alitoka nyumbani asubuhi ya hiyo Jumamosi akarudishwa akiwa maiti. Mchumba wangu alikuwa mchanga wa miezi minne. Kila mwaka tarehe hiyo mama mkwe anaita ndugu, wanasali, wanapika, wanakaa hadi usiku. Nilijua baba alishafariki. Kwamba ni siku hiyo, niliambiwa mwezi uliopita.

Lakini jamani, mwakani inatimia miaka 37! Nimeshalipa nusu ya ukumbi, milioni moja na laki mbili, na hairudishwi. Kadi za michango zimechapwa na nyingine zimeshagawiwa. Na je, siyo vizuri siku ya majonzi ikapata furaha? Mchumba mwenyewe alisema sawa.

MkaziWaDandora
Alisema sawa kabla hujalipa ukumbi, ama baada?

MwaliWaMtoni
Baada.

FundiCherehani
Uuuuwi.

BintiWaLondon
Hapa nilipo tarehe 7 Julai ni kumbukumbu ya mabomu ya 2005. Waliouawa ni 52, na Hyde Park kuna nguzo 52 za chuma, watu wanaenda kuweka maua. Lakini harusi zinafungwa siku hiyo na hakuna anayelaumu. Tofauti ni kwamba hao maharusi hawamwambii mama aliyefiwa aache maua aje kucheza kwaito. Dada, wewe unamhamisha mjane kutoka msibani kwake.

MwaliWaMtoni
Simhamishi. Tunaweza kusimama dakika moja ukumbini tukamkumbuka. MC nimeshamwambia.

ShangaziKidoti
MC amejua kabla ya mama mkwe? Mwanangu!

KijanaWaNagoya
Huku Japani tarehe 7 Julai ni Tanabata. Binti mfumaji na mchunga ng'ombe ni nyota mbili zilizotenganishwa na mto wa mbinguni, wanaruhusiwa kuonana usiku huo tu kwa mwaka mzima. Watu wanaandika maombi kwenye vikaratasi vya rangi na kuvitundika kwenye mianzi.

MwaliWaMtoni
Si mnaona! Siku ya wapenzi kabisa.

KijanaWaNagoya
Kesho yake wanatengana tena, dada. Na mvua ikinyesha hawaonani kabisa, na mwanzo wa Julai huku ni msimu wa mvua.

MpeleleziMstaafu
Wakuu, mnapoteza bando. Hii ni CHAI. Mwezi wa pili huyuhuyu alileta uzi anatafuta mume mwenye hofu ya Mungu, akasema ana miaka 27. Leo ana 31, mahari imepokelewa, na baba mkwe amekufa tarehe inayoingia kwenye stori kama ufunguo kwenye kitasa. Kadi zimechapwa? Tupia picha ya kadi, majina ziba.

KijikoChaShaba
Nilijua. Chai ya tangawizi hii.

FundiCherehani
Hata mimi nilishtuka pale pa miezi minne. Ila kama ni chai, imechemshwa vizuri.

MwaliWaMtoni
Umri nilipunguza. Nani anasema ukweli kwenye uzi wa kutafuta mchumba? Na mchumba nilikuwa naye tayari, nilifungua ule uzi tulipogombana. Picha ya kadi siweki, ina namba ya simu ya baba.

MpeleleziMstaafu
Kumbe ulikuwa naye na ukatangaza nafasi. Chai imeongezwa sukari.

MkaziWaDandora
Mpelelezi, iwe chai ama isiwe, huku nyumba za namna hiyo zipo. Mtaani kwetu kuna mama ambaye tarehe hiyo hafungui duka, na hatumuulizi. Dada, achana na hawa. Panda basi uende Nairobi ukakae na mama mkwe. Usimpigie simu. Na usianze na habari ya ukumbi.

DerevaWaMbagala
Na huyo mwenye ukumbi aulizwe kama tarehe inasogezwa. Hela kutorudishwa na siku kutobadilishwa ni mambo mawili.

MwaliWaMtoni
Nimempigia mwenye ukumbi. Anasema kusogeza inawezekana: Jumamosi tarehe 10, niongeze laki tatu kwa kuwa ni mwisho wa wiki. Sijaamua. Mama yangu akisikia laki tatu atazimia, na kadi zimeandikwa Saba Saba kwa herufi za dhahabu. Halafu nikisogeza mimi, si nitaonekana nimeshindwa hata kabla sijaingia kwao?

BintiWaLondon
Hapo sasa tumefika kwenye tatizo lenyewe.

NyotaYaBwana77
Laki tatu toa kama sadaka, tarehe iache.

FundiCherehani
Sadaka kwa nani, kwako? Dada, herufi za dhahabu zinazibwa na stika. Nina mtu Kariakoo, njoo PM.

MzeeWaKalenda
Tarehe 10 Julai ni uhuru wa Bahama, 1973. Kama mchumba hana shangazi huko, lipa.